Sauti Iliyopewa Anga

Mtaani kwao Tabora hakuna asiyemjua Zawena, mwongoza ndege. Ndiye aliyeona ndege mbili za abiria zisizo na rubani zikielekeana mawinguni, mtambo wa kuziongoza ukiziamuru zote mbili zishuke. Akashika kipaza sauti, akaiambia moja, "Panda," nayo ikapanda. Zikapishana abiria wakitazamana madirishani. Hakuna aliyechubuka hata ukucha.

Sheria ni kwamba sauti iliyookoa ndege huwa mali ya anga. Tangu siku hiyo kila ndege nchini huongozwa kwa sauti ya Zawena, na mwenyewe haruhusiwi kuitumia popote, kwa kuwa ndege humtii kokote zitakakomsikia. Nyumbani huandika kwenye kibao. Wageni hupokewa na mama mkwe wake, Bi Nyamizi.

"Mkwe wangu haongei ovyo," huwaambia akiwamiminia chai. "Akisema, anga lote linatii."

Zawena hutabasamu, na kwa kweli kifua humjaa fahari.

Jumamosi moja alasiri alitoka uani akamkuta binti yake, Chausiku, juu kabisa ya mpera, tawi limepinda. Neno la kumshusha likamfika kooni, na ndege ilikuwa ikipita juu ya mabati. Akajiziba mdomo. Akapiga makofi mara tatu, kama anavyomwita siku zote.

Mtoto hakugeuka. Alikuwa akiipungia ndege mkono.

"Shikamoo, mama," aliiambia, akasubiri marahaba yake.