Gari Lililogoma Kumchukua Bibi Harusi

Gari lilizimika tena mlangoni kwa mzee Qamara, bibi harusi akiwa ameshakaa ndani na kina mama wameshaimba mpaka sauti zimekauka.

"Huu ni mkosi!" alifoka mzee Qamara, baba wa bibi harusi. "Siku ya posa liligoma. Siku ya mahari likagoma. Likishindwa na leo, Inosenti, ng'ombe wako watarudi Loliondo na binti yangu atabaki hapa. Mwiteni fundi!"

Inosenti, bwana harusi wa watu, alitamani ardhi immeze.

Wilibrodi akaja mbio kutoka gereji yake ya njia panda ya Karatu, kipande cha mpira wa maji kikining'inia shingoni. Watu wakakonyezana. Alimpenda Lukresia, huyo huyo bibi harusi, tangu wakiwa darasa moja, na masikini, alidhani siri hiyo anaijua peke yake. Wenye midomo yao walishasema: nani mwingine anayejua kulilaza gari la mwenzake?

Maneno hayo yalimfikia, yakamchoma. Leo alikusudia kulisafisha jina lake.

Alimwambia Inosenti awashe na akanyage mafuta lisizime. Injini ikatetemeka, ikapiga mluzi mwembamba. Wilibrodi akaweka ncha moja ya mpira wake sikioni, nyingine akaipitisha polepole juu ya injini, kama daktari anayepima kifua. Injini ikivuta hewa pasipo pake, gari hukosa nguvu na breki huwa ngumu kama jiwe. Kwenye ule mlima wa Ngorongoro, njiani kwenda Loliondo, hayo si mambo ya mchezo.

Lukresia akashuka na shela lake, akasimama karibu yake.

"Umeona nini, fundi?"

"Mpira wa breki umechomolewa. Palepale pa siku zile. Kuna mtu ana roho mbaya."

"Huoni kingine?"

Wilibrodi akainama zaidi. "Naona. Plagi nazo zina masizi."

Lukresia akarudi garini.

Hapo shetani akamnong'oneza Wilibrodi: uache mpira ulivyo, nani atajua? Gari litalala, mahari itarudi, Lukresia atabaki. Lakini fundi ni fundi bwana! Spea zilikuwa adimu tangu mpaka wa Kenya ufungwe, basi akakata ukanda wa tyubu kuukuu, akaurudisha mpira mahali pake, akaufunga kwa ukanda na waya mpaka viganja vikamuuma.

Injini ikatulia. Mluzi ukakoma. Kina mama wakapiga vigelegele, na mzee Qamara akampa mkono mbele ya wote.

"Umetusitiri, mwanangu. Tulikudhania vibaya."

"Atakayeuchomoa sasa aje na msumeno!" alijibu Wilibrodi, kifua mbele, akipangusa mikono. Wote wakacheka, hata Inosenti. Lukresia alikuwa analia, lakini bibi harusi gani asiyelia?

Inosenti akaingiza gia. Gari lilipoanza kuondoka, Lukresia akashusha kioo, akainama karibu na sikio la fundi.

"Wili," alisema kwa sauti ya chini, "kila nikikuita, unakuja kutengeneza gari."