Glavu Mpya

Asubuhi hiyo bosi wa karakana ya mbao pale Sombetini aligawa glavu mpya kwa mafundi wote. Ya Yoeli, fundi aliyekatwa kidole na msumeno, bosi aliijaza mwenyewe: alishindilia maranda kwenye kidole cha shahada mpaka kikasimama kama kidole kizima.

“Mkaguzi akiuliza, hapa hakuna aliyewahi kuumia,” alisema. “Wakitufungia, wote tunarudi nyumbani.”

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, daftari mkononi. Alipofika kwenye msumeno wa umeme, uso ukamkunjamana.

“Nani kawaambia mvae glavu hapa? Meno yakinasa kitambaa, mkono mzima unavutwa. Hebu vueni!”

Glavu zikarushwa mezani, jozi baada ya jozi. Yoeli akabaki na zake, kovu likimwasha ndani ya kitambaa.

“Na wewe, baba?”

“Shikamoo, mama,” alijibu Yoeli.

“Marahaba. Vua.”

Nyuma ya mkaguzi, bosi alikuwa akimtikisia kichwa. Kando ya msumeno alisimama mwenzake aliyeushika tangu Yoeli aumie. Alikuwa ameweka mikono juu ya meza, vidole vyote kumi vimejaa vumbi la mbao, sentimita chache kutoka kwenye meno ambayo hadi siku hiyo hayakuwa na kifuniko.

Yoeli akaivuta glavu, akaipindua mbele ya yule mama.

Maranda yakamwagika juu ya daftari.