Njia ya Siafu

Wewe ungeficha wapi daftari, katika nyumba ambayo mama mkwe anajua hata kijiko kipi kimepinda?

Winfrida alilificha ndani ya gunia la alizeti, la tatu kutoka mlangoni. Alizamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akalisukuma chini, akasawazisha mbegu juu kwa kiganja. Akafagia zilizomwagika, kisha akatoka uani na kikapu chake ambacho hakijaisha, kama mtu aliyeingia tu kuchukua nyasi za kusukia.

Mama mkwe wake, Mama Leonard, alikuwa amekaa pale pale kwenye kigoda. Alimtazama.

Katika nyumba ile, hapo Iguguno, vikapu vilikuwa na nakshi moja tu: njia ya siafu. Mstari mweusi unapinda kulia, unapinda kushoto, unakizunguka kikapu mpaka unarudi ulikoanzia. Wanunuzi wa barabarani waliijua kwa mbali. Siku Winfrida alipoletwa kuolewa, kabla hata hajamaliza kuwaamkia wazee, mama mkwe alimwekea mapajani fungu la nyasi nyeusi akamwambia, "Ukishaingia humu, na mikono yako imeingia."

Miaka kumi na moja ikaenda hivyo, siafu juu ya siafu. Mara moja tu alijaribu kupenyeza ua dogo jekundu pembeni. Mama Leonard alilifumua taratibu, mstari kwa mstari, akamrudishia kikapu. Vidole vyake vilikuwa vinatetemeka. Winfrida akajua ni hasira.

Ndipo akaja mwalimu Magreth kukifundisha kikundi cha wasukaji. Aligawa madaftari manene yasiyo na mistari, na penseli. Akawaambia wachore ukurasa mmoja kila siku, chochote kile, kitoke kizuri kitoke kibaya, wala wasifute. Daftari likijaa, kila mmoja ataona kuna kitu kinajirudiarudia. Hicho ndicho chake mwenyewe. Akisuke kwenye kikapu amletee. Mama mmoja akauliza, je, akikuta ni sura ya mume wake ndiyo inajirudia, aisuke na matege yake? Wakacheka sana.

Mama Leonard hakucheka. Alikuwa amekaa nyuma kabisa. Alipopewa daftari aliligusa jalada, akalirudisha, akasema nyumba yake ina nakshi tayari. Winfrida naye akarudisha la kwake. Jioni akamfuata mwalimu kwa siri, akalichukua.

Alichora mchana, mama mkwe akiwa amejinyoosha. Na ajabu, kila alichokianza kiliishia kuzungukwa na minyaa, kama ile ya uzio iliyouzunguka ua wao. Mbuzi ndani ya minyaa. Sufuria ndani ya minyaa. Yeye mwenyewe, amesimama, minyaa pande zote. Siku moja mkono wake ukachora minyaa yenye mwanya, mwanya mwembamba wa kupita mtu mmoja kiubavu. Akakaa akiutazama mpaka uji ukaungua. Tangu siku hiyo alijua atakachokisuka.

Lakini nyumba ikazidi kumbana. Mama Leonard alimwagiza mwanawe miwani kutoka mjini, akisema kuna vitu humu ndani vinampita. Akasema tena maji ya bomba yana chumvi, chai yake hainyweki, hivyo kila asubuhi Winfrida aende kisima cha mbali. Akirudi na ndoo anakuta mbegu zimemwagika karibu na gunia la tatu, anawafukuza kuku. Hata penseli ilikuwa inaisha upesi. Akaona labda anaikandamiza mno.

Na yale macho. Akichekecha unga, macho. Akiinama kuosha vyombo, anayasikia kisogoni, nyuma ya miwani, hayapepesi.

Mwalimu Magreth alikuwa arudi Alhamisi. Winfrida alijua kabisa kwamba daftari likionekana litaishia jikoni, na yeye atazeeka na siafu.

Jumatano aliporudi kisimani alizamisha mkono kwenye gunia. Mbegu. Akazamisha mpaka begani. Mbegu tupu. Akahamia gunia la pili, halafu la kwanza.

"Njoo huku ukae," Mama Leonard akasema kutoka jikoni.

Moto ulikuwa umeshawashwa. Daftari lilikuwa mapajani mwake.

Winfrida alipiga magoti mlangoni. Alisema anajua alichokosa. Alisema siafu atawasuka, wala hajakataa, ila aachiwe kikapu kimoja tu, na zile kurasa zilizobaki azimalize.

"Hakuna zilizobaki. Limejaa."

"Halijajaa, mama. Mimi nimefika nusu."

Mama Leonard aliligeuza daftari juu chini, akalifungua kwa nyuma.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na tetea amelala. Wa pili, tetea anakunywa maji na kuinua shingo. Tetea na vifaranga chini ya kigoda. Tetea kwenye mvua. Kisogo cha Winfrida, ameinama kuosha vyombo, na tetea anapita nyuma yake. Kurasa na kurasa, mpaka zikakutana na minyaa katikati. Mistari ilikuwa inatetemeka, na hakuna hata mmoja uliofutwa.

Mama Leonard alivua miwani akaifuta kwa pindo la kanga, akaifuta tena.

"Siafu ni wa mama mkwe wangu," akasema. "Amekufa huu mwaka wa kumi na tisa, na bado namwogopa. Mimi, mwanangu, nilitaka kuku."