Kidole cha Fundi Bomba

"Mama, usikasirike," mkamwana wangu aliniambia. "Nimekuita kwa ajili ya baba."

Alinikalisha kwenye kiti chake, katika chumba cha kompyuta pale hospitalini anapofanya kazi. Humo mna mashine moja inayowajua wafanyakazi wote. Mtu akiweka kidole mlangoni, mlango huiuliza mashine hiyo kwanza, nayo ikimkubali, unafunguka. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi bomba pale, na mashine ilikuwa bado inamkubali.

"Mfanyakazi akifariki, hufutwa," akasema. "Mimi nimekuwa nikimficha kila ukaguzi ukija. Sasa mkubwa amegundua. Baba asipofutwa leo, nafutwa mimi."

"Ulikuwa unamweka wa nini?"

"Niliona nikimfuta ni kama nimemfungia mlango."

Nilicheka, Mungu anisamehe. "Mwanangu, mimi nilishamzika. Kumbe wewe bado."

Naye akacheka huku akijifuta macho kwa mtandio. Kisha akanifungulia kidole chenyewe, kikajaa kwenye kioo cha kompyuta: gumba la kulia, mistari yake kama maji yaliyotupiwa jiwe, na lile kovu la msumeno limeikata katikati. Kidonda kile nilikifunga mimi, naye akanitania kwamba nafunga kama mzigo wa kuni.

Nikaweka gumba langu juu yake. Kioo kilikuwa na uvuguvugu.

"Alipo sasa hafunguliwi kwa kidole," nikamwambia. "Bonyeza, mwanangu."