Jina la Nyumbani

Tulifanya duara kwenye kona ya mtaa wetu, Chicago, pale alipopigwa risasi mwanangu Tavion. Kanisani kwetu tukiwaombea vijana tunashikana mikono. Ukimaliza sala yako, unambinya jirani kiganja, naye anaanza yake.

Mwanamke mmoja akaja akanishika mkono wa kushoto. Alikuwa mama wa kijana aliyemuua Tavion.

"Huyu naye hana haya!" dada yangu akafoka. "Hebu toka hapo!"

"Niende wapi, dada yangu? Na mimi nina mtoto."

Mchungaji akakohoa, akaanza. Sala ikazunguka mpaka kwa dada yangu, naye akanibinya kwa nguvu, kama ananionya.

Nikamwombea Tavion. Watu wakaningoja nipitishe sala. Kiganja cha yule mama kilikuwa kikavu, kina sugu.

Sikukibinya. Sala yangu ilikuwa bado. Jina la mwanawe nililijua, lile la kwenye taarifa ya habari, na hilo nililichukia.

Nikamgeukia.

"Nyumbani mnamwitaje?"