Haki Inaishia Mlango wa Jikoni

Mpaka wa nchi mbili unapita kwenye mlango wa jikoni kwetu. Siku hizi kila nchi hujiunga na mkataba inaoutaka tu. Nchi ya sebuleni imejiunga na mkataba wa dawa, ya jikoni imekataa. Kwa hiyo kichupa cha dawa ya pumu cha mama mkwe hufunguka sebuleni tu. Akibanwa kifua jikoni, ninamburuta hadi sebuleni.

Kila jioni ukuta wa sebuleni, unaohesabu kauli za kila nyumba, humuuliza mume wangu, Rugemalira, maoni yake.

"Je, utaratibu huu wa kila nchi kujichagulia ni wa haki?"

"Ni wa haki kabisa," hujibu, miguu juu ya meza. Mwanamume wa kwetu haingii jikoni, kwa hiyo maoni yake yamenyooka kama rula. Jikoni hakuna ukuta unaouliza.

Juzi mama mkwe alibanwa akipika ndizi. Nilimburuta huku ukuta ukiuliza na Rugemalira akijibu. Hata miguu hakuishusha. Ukuta ukamshukuru.

Mama alipopata pumzi nikamwambia, "Umeona, mama? Leo jibu na wewe."

Aliutazama mlango wa jikoni, kisha akavuta kigoda chake hadi kando ya mwanawe.

"Ni wa haki," aliuambia ukuta. Akanigeukia. "Mama Asimwe, ndizi zinaungua."

Nilirudi jikoni. Moshi ulikuwa umetanda, nami nikaanza kukohoa. Kutoka sebuleni nikausikia ukuta ukitangaza kwamba nyumba yetu imekubali kwa kauli moja.