Njia ya Baiskeli Shambani kwa Nungunungu

Wanyama wa bondeni walipopata baiskeli, walitamani njia ya kuteremkia kilimani. Kilima chote kilikuwa shamba la Nungunungu, mzee asiyependa usumbufu.

Ngedere, fundi wa maneno, akatangulia. Alipiga hodi akiwa ameshafika uani, jembe begani.

"Shikamoo, mzee. Tunaomba njia."

"Marahaba. Na jembe la nini?"

"La kuanzia kazi."

Nungunungu akasimamisha miiba. Ngedere akatoka mbio.

Kakakuona, mpole hata wenzake humcheka, akaenda mikono mitupu. Alisimama nje ya uzio, akapiga hodi mara tatu. Kimya. Akaondoka. Kesho yake, vivyo hivyo.

"Ingia tu," wenzake wakamsonya. "Mzee yumo ndani!"

Siku ya tatu, kwa hodi ya kwanza, Nungunungu akafungua.

"Karibu. Siku zote mbili nilikuwa nakuchungulia."

"Mbona hukuitika, mzee?"

"Baiskeli zenu zitapita kando ya mihogo yangu kila siku. Nilitaka kumwona anayezuiwa na mlango usio na kufuli. Twende nikuonyeshe pa kupita. Na Ngedere mwambie sasa alete lile jembe lake."